Jenomu Zilizosomwa Ndani ya Tindikali

Hadi miaka ya mwanzo ya 2000, aliyetaka kusoma jenomu ya bakteria kwa kawaida alilazimika kwanza kumwotesha peke yake maabara, na bakteria wengi hawakubali kuoteshwa. Mwaka 2004, kundi la Jillian Banfield wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, likishirikiana na Joint Genome Institute ya Wizara ya Nishati ya Marekani, lilionyesha katika jarida la Nature kwamba sharti hilo linakwepeka. Mashine walizotumia zilikuwa za kawaida kwa wakati ule. Ufundi ulikuwa katika kuchagua pa kuchota sampuli.

Walichagua mgodi wa Richmond, Iron Mountain, kaskazini mwa California. Humo pairiti, madini ya chuma na salfa, hukutana na hewa na maji ikatoa tindikali kali. Utando wa rangi ya waridi uliokuwa juu ya maji hayo ulichotwa penye pH ya takriban 0.8 na joto la nyuzi 40 na ushei. Wanaostahimili hali hiyo ni wachache: makundi kama matano tu ndiyo yaliyotawala utando.

Uchache huo ndio uliorahisisha kazi yote. DNA ya utando mzima ilikatwa vipande vya herufi elfu tatu hivi, ikasomwa bila kujua kipande kipi ni cha nani, hadi zikafika herufi milioni 76. Kwa kuwa wenye kugawana herufi hizo walikuwa wachache, jenomu za walio wengi zilisomwa karibu mara 10, na kompyuta ikaweza kuunga vipande kwa ncha zinazofanana.

Kutenganisha kulifuata vigezo viwili. Cha kwanza ni uwiano wa herufi G na C, ambao kwa bakteria Leptospirillum ni mkubwa kuliko kwa arkea Ferroplasma. Cha pili ni mara ngapi kipande kimesomwa: walio wengi kwenye utando husomwa zaidi. Jenomu mbili zilipatikana karibu kamili, tatu nusunusu.

Mwaka huohuo kundi la Craig Venter lilisoma herufi zaidi ya bilioni 1 kutoka Bahari ya Sargasso. Likavuna jeni mpya zaidi ya milioni moja, lakini herufi hizo zilitawanyika kwa spishi zinazokadiriwa kufika 1,800, hivyo jenomu zilizokaribia kukamilika zilikuwa chache.

Njia ya mgodini ina dosari yake. Ferroplasma hubadilishana DNA wao kwa wao, kwa hiyo jenomu iliyoungwa ni ya kundi, si ya seli yoyote moja.

Hata hivyo ilijaribiwa ikathibitika. Jeni za kunasa nitrojeni ya hewani zilionekana kwa Leptospirillum wa kundi la III, walio wachache, wala si kwa jamaa zao wa kundi la II waliojaa utandoni. Watafiti wakaandaa chakula kisicho na nitrojeni, wakapandikiza utando humo, na mwaka 2005 wakamtangaza aliyeota: Leptospirillum ferrodiazotrophum. Jenomu ndiyo iliyowaelekeza namna ya kumwotesha.

Anayepanga kusoma udongo wa shamba au matope ya mikoko na aanze kwa kukadiria idadi ya spishi zilizomo. Idadi hiyo ndiyo itakayomwambia bajeti yake italeta jenomu au orodha ya jeni tu.