Risasi ya Kiwandani na Risasi ya Kupakia kwa Mkono

Risasi ya bastola ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyokazwa kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa kinachoziba mdomo. Pini ikigonga fataki, fataki hutema cheche, baruti huungua, na gesi yake hukisukuma kichwa mtutuni. Ganda tupu hutupwa nje, likaanguka chini likiwa bado moto. Kwa wafyatuaji wengi hiyo ni taka. Kwa anayepakia kwa mkono ni mali: akilisafisha, akilibana lirudi umbo lake, akalitia fataki mpya, baruti aliyoipima na kichwa kipya, tayari ana risasi nyingine.

Nchini Marekani kazi hii hufanyika kwenye meza ya gereji, na fataki na baruti huuzwa dukani karibu kama misumari. Wanaoipenda wana sababu mbili kubwa, gharama na shabaha. Anayefyatua mamia ya risasi kwa wiki huokoa fedha kwa kulitumia ganda moja mara kadhaa. Mshindani naye hupunguza baruti mpaka teke la bastola limtulie mkononi. Sababu zote mbili ni za kweli, ila ni za uwanjani. Mfanyabiashara wa Kitengela anayefunga duka saa tatu usiku, au mfugaji wa upande wa Magadi, hahitaji risasi elfu moja za bei nafuu wala tundu moja zuri kwenye karatasi. Anahitaji risasi chache ambazo zitalipuka zote, siku ambayo huenda isifike kamwe, baada ya kukaa kwenye magazini miezi na miezi katika joto na vumbi.

Nchini Kenya, kabla ya ufundi kuna sheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza mtu kununua au kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na cheti hicho hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Kutengeneza risasi kibiashara ni kwa aliyesajiliwa tu. Baruti tupu nayo ina sheria yake, ya vilipuzi, Sura ya 115. Tangu Desemba 2018, serikali ilipoagiza wenye vyeti wote wakaguliwe upya na kupewa kadi za kielektroniki, kila risasi imezidi kuwa kitu cha kuhesabiwa. Risasi ya dukani ina stakabadhi. Ganda lililojazwa upya sebuleni halina. Mkenya anayesoma majarida ya Kimarekani yanayosifu upakiaji wa mkono anasoma habari za nchi nyingine.

Hata sheria ikiwekwa kando, hoja ya ufundi inabaki, nayo inaanza na kufanana. Kiwanda hutengeneza risasi kwa matoleo, kila toleo na namba yake kwenye boksi, na sampuli zake hufyatuliwa katika mitutu ya majaribio yenye vipima shinikizo. Kwa risasi ya milimita 9, ile aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo leo imeenea kuliko zote katika bastola, kipimo cha juu cha viwanda vya Marekani ni pauni 35,000 kwa inchi mraba. Nyingi za risasi za kujihami hupakwa pia rangi ya kuzuia maji pembeni mwa fataki. Viwanda navyo hukosea, na kuna nyakati toleo zima huitwa lirudishwe. Lakini huitwa kwa namba. Mezani kwa mpakiaji, risasi mbovu haina namba wala ndugu wa kuulizwa.

Makosa ya mezani yanajulikana, na mawili ndiyo ya hatari zaidi. La kwanza ni ganda lililorukwa bila baruti. Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa kikaingia mtutuni na kukwama humo. Mfyatuaji husikia mlio hafifu, kama kizibo cha chupa, na asiposimama hapo hapo, risasi inayofuata hukutana na njia iliyozibwa. Mtutu huvimba au kupasuka. La pili ni ganda lililotiwa baruti mara mbili. Baruti nyingi za bastola hujaza sehemu ndogo tu ya ganda, kwa hiyo kipimo cha pili huingia bila kumwagika, na jicho lililochoka halioni tofauti. Mpakiaji makini humulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuliziba. Hata hivyo umakini ni wa siku ile. Simu ikilia katikati ya kazi, hakuna mtambo wa kumkumbusha alikuwa amefika ganda la ngapi.

Afrika Mashariki iliwahi kulijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa kuliko meza yoyote ya gereji, na ng'ambo tu ya mpaka wa Kajiado. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walivuka kutoka upande wa Namanga na kuishambulia Longido, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakashindwa. Wakati huo askari wengi wa jeshi la Wajerumani walibeba bunduki za mwaka 1871, zenye baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi na kumfichua mfyatuaji papo hapo. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki mpya na shehena kubwa ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliipiga. Nahodha Carl Christiansen akaipeleka kwenye maji mafupi, na Waingereza wakaondoka wakiamini imekwisha.

Shehena ilitolewa na wazamiaji. Bunduki zilifaa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Basi zikafunguliwa moja moja: kichwa kikang'olewa, baruti ikamwagwa na kuanikwa, ganda likasafishwa, fataki ikakaguliwa, kisha vyote vikarudishwa mahali pake. Zilikuwa risasi za kiwandani za Ujerumani, zikageuzwa kuwa risasi za mkono. Kazi hiyo ililiwezesha jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck kuendelea na vita, na kwa hesabu ya vita ilikuwa ushindi. Kwa hesabu ya risasi moja moja ilikuwa hadithi nyingine. Zilizogoma zilikuwa nyingi, maana baruti huweza kuanikwa ikakauka, lakini fataki iliyokwisha kuingiwa na chumvi haisomeki kwa macho. Jeshi lenye askari mia kwenye mstari huvumilia bunduki kadhaa zilizonyamaza. Mtu mmoja mlangoni pake hana mstari.

Ganda lenyewe nalo lina ugonjwa ambao wafugaji wa Kajiado wana sababu ya kuujua. Shaba ya manjano ya risasi ni shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Enzi za ukoloni nchini India, risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka zenyewe msimu wa mvua, bila kuguswa. Mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza kisa: amonia inayotoka kwenye mkojo wa wanyama, ikikutana na unyevu na shaba iliyobanwa kiwandani ikabaki na mkazo ndani yake, hufungua nyufa. Dawa yake ni kulipasha ganda moto wa kiasi ili mkazo uondoke. Kila ganda linapofyatuliwa na kubanwa upya, shaba hukakamaa na mkazo hurudi. Asiyelipasha moto tena analikaribisha lipasuke. Ng'ombe hawatofautiani na farasi katika hili. Boksi la risasi lililowekwa stoo ya chakula cha mifugo, ukutani mwa zizi, limewekwa mahali pabaya kuliko pote kwenye boma.

Joto ni mtihani mwingine. Ziwa Magadi liko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kama mita 600 tu juu ya bahari, na joto lake linajulikana. Baruti yenye joto huungua kwa kasi zaidi na kupandisha shinikizo. Kipimo ambacho mpakiaji alikisogeza karibu mno na kikomo kwenye baridi ya Limuru huweza kukivuka kikifyatuliwa Magadi adhuhuri. Kiwanda huacha nafasi kwa tofauti hiyo. Lakini hakuna baruti, ya kiwandani wala ya mezani, inayopenda kuachwa ndani ya gari lililofungwa juani; ikirudiwa kila siku, baruti huharibika.

Kuna kosa moja linaloiharibu hata risasi bora ya kiwandani, nalo hufanywa na watu waangalifu. Mwenye bastola huitoa risasi iliyo chemba kila jioni na kuirudisha ile ile kila asubuhi. Kila inapoingia, kichwa hugonga njia ya kuingilia na huweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti hupungua, shinikizo hupanda. Kuiweka risasi hiyo sambamba na mpya kutoka boksi lile lile hutosha kuonyesha: iliyofupika isiingizwe tena.

Linabaki suala la mahakama. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinaiachia misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza kuamua mtu alitumia nguvu kiasi gani kujihami. Mara nyingi swali la kwanza ni umbali: mshambuliaji alikuwa hatua ngapi? Wataalamu hulijibu kwa kusoma masizi ya baruti kwenye nguo na ngozi, kisha kufyatua risasi za aina ile ile kwa umbali tofauti na kulinganisha. Risasi ya kiwandani hununuliwa nyingine ya kufanyia jaribio. Ya mezani hutegemea neno la mshtakiwa kuhusu alichokipima. Katika kesi iliyoanzia New Jersey mwaka 1989, ambapo risasi ilikuwa ya kupakia kwa mkono na yenye baruti kidogo, upande wa mashtaka ulipima kwa risasi za kawaida, na umbali aliodai mshtakiwa ukaonekana hauwezekani. Tatizo hili ni adimu, na wapinzani wa upakiaji wa mkono hulikuza kupita kiasi. Hata hivyo hakuna faida yoyote ya mezani inayostahili kuliingia.

Kwa bastola ya kujihami, basi, risasi ni ya kiwandani: mpya, ya boksi lililofungwa, ya aina ambayo bastola hiyo hiyo imekwisha kuifyatua uwanjani bila kukwama. Ya kupakia kwa mkono ni ya shabaha, pale sheria inaporuhusu. Zilizozeeka kwenye magazini hupelekwa uwanjani zikafyatuliwe, na mpya hununuliwa kwa idadi iliyoandikwa kwenye cheti.