Mizani ya Kupimia Uhuishaji wa Pande Tatu

Yeyote aliyepata kualikwa kuamua kazi za wanafunzi wa usanifu mwishoni mwa muhula, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta kinachomwonyesha maji yanayometameta, moshi unaopaa na chuma kilichosuguliwa kikang'aa, na ajue tangu awali kwamba mengi katika hayo yanayomstaajabisha si ustadi wa mwanafunzi bali ni hisani ya programu, ambayo siku hizi humkirimia hata mwanagenzi mwanga na vivuli asivyovitolea jasho. Kwa hiyo aombe kwanza aonyeshwe mpira.

Mpira unaodunda ni zoezi la awali la fani hii ya uhuishaji, na kwa yakini sijaona hakimu mwadilifu kuushinda. Blender, programu iliyofanywa mali huria mwaka 2002, na ambayo kwa sababu hiyo aghalabu ndiyo kimbilio la mwanafunzi asiye na fedha, humtaka mtu aweke fremu chache za msingi, nayo ikajaza zilizo baina yake. Lakini kwa tabia yake hujaza kwa ulaini, ikiondoka polepole na kuwasili polepole. Aliyeridhika na hisani hiyo hupata mpira unaopunguza mwendo ukaribiapo sakafu, ukatua kama unyoya wa njiwa, ilhali mpira wa kweli huongeza kasi kadiri ushukavyo, na kule juu ndiko hukawia kidogo kabla ya kurudi. Mwambie afungue grafu. Kwenye mstari wa kimo, pale mpira ugusapo chini pawe na ncha kali mithili ya herufi V, na pale juu pawe na mviringo. Ukikuta mawimbi laini juu na chini, kazi hiyo haijafanywa bado.

Baada ya mpira, tazama nyayo za mhusika atembeaye. Mguu uliokanyaga haupaswi kuteleza hata unywele, na kabla mguu wa pili haujainuka, sharti nyonga ihamie upande wa mguu uliobaki chini, kwa maana hakuna kiumbe ainuaye mguu wenye uzito wake. Nilipokuwa nikijifunza, nilipoteza juma zima nikitengeneza mikunjo ya shati la hamali mwenye gunia mgongoni, na mwalimu wangu, baada ya kutazama kimya mara mbili, akaniuliza kama gunia lile lilikuwa la usufi. Shati hakulitaja kabisa.

Wala uzuri wa sura si hoja. Luxo Jr., filamu fupi ya Pixar ya mwaka 1986, ina taa mbili za mezani zisizo na macho wala mdomo, na bado mtazamaji hutambua papo hapo ipi ni mzazi na ipi ni mtoto. Paka wa Flow, filamu ya Latvia iliyotengenezwa kwa Blender hiyo hiyo na kutunukiwa Oscar mwaka 2025, manyoya yake hayakushughulikiwa unywele kwa unywele, lakini aruka kama paka.

Basi, ewe mwamuzi, kabla ya kutoa alama, mwombe mwanafunzi auzime muziki, aondoe rangi na mwanga, viungo vibaki vya kijivu kitupu, kisha akuchezeshee tena tangu mwanzo.