Miche 200,000 kwa Heka

Mpanda vitunguu stadi hujulikana kwa dole gumba lake. Anashika mche karibu na shingo, mizizi ikining'inia, anauzamisha kwenye tope kwa kina cha sentimita 2 au 3, kisha anafunga tundu kwa kidole cha shahada huku mkono wa pili umeshachomoa mche mwingine kwenye fungu. Ukizama zaidi ya hapo, kitunguu hunenepa shingo badala ya tumbo, na shingo nene haikauki. Ukikaa juujuu, jua la Mang'ola huuchoma kabla zamu ya pili ya maji haijafika. Mche hadi mche ni sentimita 10, mstari hadi mstari 15. Toa mifereji na kingo za majaruba, heka moja inabaki na miche 200,000 na ushei, na hakuna hata mmoja ambao haukupita kwenye kidole cha mtu.

Mama yangu hupanda ameinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, akirudi kinyumenyume ili asikanyage alichopanda. Nimekuwa nikimtazama tangu nikiwa mtoto wa kubebeshwa mafungu ya miche, na mpaka leo, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, sijamfikia kwa kasi wala kwa unyoofu wa mstari. Vibarua hulipwa kwa jaruba, kwa hiyo wengi hukimbiza; mistari yao hupinda na miche hulala. Yake kesho yake asubuhi imesimama yote. Wenye mashamba wanaijua tofauti hiyo, ndiyo maana miaka ile ya mwanzo, kabla hajaweza kukodi kipande chake mwenyewe, walikuwa wakimfuata nyumbani alfajiri.

Mang'ola ipo chini kwenye bonde la Ziwa Eyasi, wilaya ya Karatu. Wahadzabe na Wadatoga walikuwepo kabla ya mashamba. Sisi Wairaqw tuliteremka kutoka milima ya Mbulu, wakaja Wanyiramba, Wachaga, Wameru na kila aliyesikia kwamba kuna maji. Mvua ni haba na ziwa lenyewe ni la magadi. Maji ya kulimia hutoka juu. Msitu wa nyanda za Ngorongoro na Mlima Oldeani, ambao kilele chake kinapita mita 3,000, hunasa mvua na ukungu. Maji yanazama kwenye miamba ya volkano na kuibuka huku kwetu, kwenye chemchemi za Qangdend. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilitengwa mwaka 1959, na dunia inalijua kwa kreta, faru na simba. Magari ya watalii hupita Karatu mjini kutwa yakielekea lango la Lodoare. Mama hajawahi kushuka kreta. Lakini kila jaruba alilowahi kupanda limenyweshwa na msitu ule, na hakuna mtu ninayemjua anayeumia kuliko yeye akisikia kwamba kuna sehemu ya msitu huo imekatwa.

Nilipochaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nilikuwa wa kwanza. Katika ukoo wetu, wa kwa baba na wa kwa mama, hakuna aliyekuwa amevuka kidato cha nne. Mama mwenyewe aliishia darasa la saba. Siku ya kuniaga, wazee na majirani walisimama mmoja mmoja wakamsifu kwa jambo lilelile: ameteseka. Amelala njaa, ameuza mbuzi, ameinama mpaka mgongo umekwisha tangu baba afariki. Ni kweli yote, nami nilikuwepo. Ila sifa ile iliniuma, kwa sababu ilimfanya aonekane mtu aliyepigwa na maisha akanyamaza. Wako wanawake wengi bonde hili walioteseka kama yeye, pengine kumzidi, na shamba likawashinda. Kilichonifikisha Morogoro ni kwamba mama anaijua kazi yake.

Anaanzia kwenye mbegu. Katika mavuno yaliyopita huchagua vitunguu vya ukubwa wa kati, vyekundu sawasawa, shingo nyembamba, moyo mmoja. Vilivyogawanyika mapacha havipiti, hata viwe vikubwa namna gani. Huvipeleka kwa ndugu zake Mbulumbulu, juu karibu na msitu, kwa kuwa kitunguu hutaka baridi ndipo kitoe maua. Mbegu nyeusi inayokamuliwa huko anaitumia ndani ya mwaka, maana mbegu ya kitunguu huzeeka upesi. Na haimwagi kitaluni kabla ya kuihoji: huhesabu punje 100, huzifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki moja na kidogo huhesabu zilizoota. Zikifika 80 anaendelea. Zikiwa 50 anaongeza kipimo au anaachana nazo. Mwaka wa kwanza chuoni, mhadhiri alipotufundisha jaribio la uotaji wa mbegu, nilijua namba zinakwenda wapi kabla hajazimaliza kuandika ubaoni.

Kitalu hukaa wiki 6 hadi 8, mpaka mche uwe na unene wa penseli. Kuhamishia shambani nimeshakueleza. Baada ya hapo kazi inakuwa ya maji, na hapa ndipo ninapomstahi mama kuliko popote.

Mizizi ya kitunguu ni mifupi. Mingi haishuki zaidi ya sentimita 30. Shamba linataka maji kidogo, mara kwa mara, wakati mfereji ni wa watu wengi na zamu inaweza kukuangukia saa nane usiku. Mama hufika kabla ya saa yake, hutembea na mfereji kutoka juu kuangalia kama kuna mtu aliyetoboa ukingo, kisha huanza na jaruba la mbali kabisa, kwa hesabu kwamba maji yakipungua kabla ya zamu kwisha, yale ya karibu ndiyo rahisi kuyapatia baadaye. Hafungui jaruba likajaa. Maji yakifika theluthi mbili anaziba kwa jembe mara moja, na yaliyokwisha kuingia yanajisambaza yenyewe hadi kona ya mwisho. Gizani haoni hizo theluthi mbili, anasikiliza. Maji yanayotambaa kwenye udongo mkavu yana mlio wake, na kadiri yanavyokaribia ukingo wa upande wa pili mlio unabadilika. Nimekaa naye pale usiku mwingi nikiwa na tochi, na mara zote jembe lake lilishuka kabla mwanga wangu haujafika.

Ujuzi wa mfereji ni wa kale katika sehemu hizi. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini ya Ziwa Manyara, yapo mabaki ya mifereji na vitalu vilivyozungushiwa mawe na wakulima walioishi pale kati ya karne ya 15 na ya 18, na wako watafiti wanaowahusisha watu wale na mababu wa Wairaqw. Nilimwonyesha mama picha kwenye simu. Alizikagua kwa muda mrefu, akizikuza kwa vidole, kisha akauliza maji ya ziada yalikuwa yanatoka kwa njia gani.

Swali lile lina historia. Nikiwa kidato cha tatu, mama aliacha ghafla kipande alichokuwa akikikodi upande wa chini, karibu na ziwa, akahamia cha juu chenye kodi kubwa zaidi na ukubwa mdogo. Majirani walimshangaa. Kile cha chini kilikuwa bado kinazaa. Yeye alikuwa ameona ncha za majani zikikauka ilhali udongo una unyevu, na kingo za majaruba zikiota utando mweupe asubuhi. Aliuonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaanza kutafuta shamba jingine. Miaka kadhaa baadaye, kwenye somo la udongo, tulipewa jedwali la mazao na uwezo wake wa kustahimili chumvi. Pamba ilikuwa imeandikiwa 7.7. Kitunguu 1.2. Maji yanayoingia shambani kila wiki na kukaukia palepale, bila njia ya kutoka, huacha chumvi yake nyuma kidogo kidogo, na kitunguu ni miongoni mwa mazao yanayonyoosha mikono mapema. Nilitoka nje ya ukumbi nikampigia simu. Alicheka, akasema: "Sasa mwanangu, kama kimeandikwa, waambie na wale wa kule chini."

Mavuno nayo yana adabu yake. Majani yakianza kulala, anafunga maji, hata kama zamu imefika na jirani anamwonea huruma. Wiki mbili au tatu baadaye, zaidi ya nusu ya majani yakiwa chini, anang'oa. Hupanga safu kwa namna ambayo majani ya safu moja yanafunika vitunguu vya safu iliyotangulia, jua lisivibabue. Ndipo anakata shingo, akiacha kishina cha sentimita 2 au 3, kwa sababu kisu kikipita karibu na ngozi uozo huingilia pale pale penye kidonda. Wanaokata vifupi ili gunia lionekane safi humuuzia mnunuzi wa Arusha au Nairobi mzigo unaofika ukinuka, na msimu unaofuata mnunuzi anakumbuka ulitoka kwa nani.

Sokoni hana sauti kubwa. Dalali akija na magunia ya lumbesa, yaliyoshonewa kichwa cha wavu juu yake, anamwambia kwa upole kwamba kipimo cha halali mwisho ni kilo 100 na kwamba yeye hana haraka kama dalali. Huwa ameshachambua mzigo mafungu matatu. Vidogo na vyenye shingo nene vinaondoka kwanza, kwa bei yoyote ya heshima, kwa kuwa haviwezi kusubiri. Vya kati hulipia vibarua na kodi. Vile vikavu, vyenye ngozi inayolia ukiisugua, vinapanda kwenye kichanja chini ya bati, kusubiri wenzake wauze.

Na vichanja hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Mkopo wa serikali hubeba sehemu ya gharama, bumu, yaani posho ya kujikimu, likitoka linalisha. Sehemu iliyobaki ni ya mzazi. Nilipopata barua ya udahili mama hakuniuliza ni shilingi ngapi. Aliuliza ni lini. Nikamtajia Novemba kwa muhula wa kwanza na Machi kwa wa pili, naye akahesabu kurudi nyuma kwa vidole: wiki 3 za kukausha na kuuza, miezi 4 shambani, wiki 7 kitaluni. Kitalu cha Novemba humwagwa mwishoni mwa Aprili. Cha Machi, mwanzoni mwa Septemba, na eneo lake huwa dogo, kwa sababu mavuno yake yanaweza kukutana na masika na kitunguu kilicholowa hakina rafiki; lakini wakati huo wengi hawana kitu, na bei inakuwa upande wake. Kwa mihula yote niliyosoma, ada imelipwa kwa tarehe.

Mdogo wangu anamaliza kidato cha sita mwakani. Mama ameshaulizia robo heka ya ziada, upande wa juu wa mfereji, na ameniagiza nikija likizo nije na kifaa cha kupimia chumvi, apime kwanza kabla hajatoa kodi.