Na Wenzake 17: Namna Kumbukumbu za Aliyekamatwa Zinavyofuatwa Unguja

Juma Duni Haji ni miongoni mwa wanasiasa wa Zanzibar wanaojulikana sana. Alikuwa Waziri wa Afya katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyoundwa baada ya uchaguzi wa 2010, na mwaka 2015 alisimama kama mgombea mwenza wa Edward Lowassa katika kinyang'anyiro cha urais wa Muungano. Kabla ya hayo aliwahi kukaa rumande Unguja kwa shtaka la uhaini, yeye na viongozi na wafuasi wengine wa chama cha CUF waliokamatwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini anayeitafuta kesi hiyo kwa jina la Juma Duni anaweza kushinda kutwa nzima asiione. Imesajiliwa kwa jina la mshtakiwa wa kwanza: S.M.Z. dhidi ya Machano Khamis Ali na Wenzake 17, Ombi la Jinai namba 8 la mwaka 2000, Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Watu 17 wamefichwa ndani ya maneno mawili. Hakuna aliyekusudia kuwaficha. Ndivyo masjala za mahakama zinavyofanya kazi. Lakini kwa mtafiti, mwandishi wa habari au mama anayemtafuta mwanawe, jambo hilo dogo la kimasjala ndilo linaloamua nani ataonekana na nani hataonekana.

Wengi siku hizi hudhani kumtafuta mtu aliyekamatwa ni kazi ya dakika moja, kwa sababu wameona Marekani inavyofanya. Katika majimbo mengi ya huko, ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya huweka kwenye mtandao orodha ya walioingia jela, na pembeni ya kila jina picha ya uso iliyopigwa siku hiyohiyo. Picha ya Donald Trump iliyopigwa katika jela ya Fulton, Georgia, tarehe 24 Agosti 2023, ilizunguka dunia kabla usiku haujaisha. Unguja hakuna orodha ya namna hiyo. Kumbukumbu zipo, na nyingine zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, ila zimetawanyika katika vitabu vya ofisi tofauti, na kila kitabu kina mwenyewe.

Tatizo linaanzia kwenye muundo wa dola. Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano: Kamishna wa Zanzibar aliyepo Ziwani yuko chini ya Inspekta Jenerali wa Tanzania nzima. Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, mahakama za visiwani hadi Mahakama Kuu, na Chuo cha Mafunzo ambacho kwingine kingeitwa magereza, vyote ni vya Serikali ya Mapinduzi. Ngazi ya juu kabisa, Mahakama ya Rufani, inarudi tena Muungano. Kwa hiyo mtu mmoja aliyekamatwa Darajani anaweza kuvuka mpaka wa mamlaka mara mbili au tatu bila kutoka nje ya Mkoa wa Mjini Magharibi.

Safari ya karatasi huanzia kaunta. Mtu anapofikishwa kituoni, iwe Malindi, Ng'ambo, Madema, Mwera au Mkokotoni, askari wa zamu huandika tukio kwenye kitabu cha taarifa. Humo ndimo inamotoka namba ya RB, ambayo kila aliyewahi kuripoti simu iliyoibwa anaijua. Akiwekwa ndani, jina lake huingia pia kwenye daftari la mahabusu. Upelelezi ukifunguliwa, jalada hupewa namba ya IR. Likipita kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na kufika mahakamani, kesi hupata namba nyingine kabisa. Ndani ya siku chache mtu huyohuyo amekuwa na namba tatu, na hakuna hata moja inayofanana na nyingine.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Hufika kituoni na kuuliza, "Yupo hapa?" Jibu la swali hilo linaweza kuwa hapana hata pale aliyekamatwa alipopita kituoni hapo asubuhi. Mtu aliyechukuliwa Paje na askari wa upelelezi kutoka mjini huenda asilale Paje, na taarifa yake ikaandikwa kituo kingine. Vilevile si polisi peke yao wanaokamata. Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi, ZAECA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ina uwezo huo, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya pia inao. Swali linalozaa matunda ni refu kidogo: nani alimkamata, kwa RB ya kituo gani, jalada linashikwa na mpelelezi yupi, na atafikishwa mahakama ipi? Mawakili wazoefu huuliza hivyo, tena kwa mpangilio huo. Sheha naye ni mlango mzuri, maana polisi wanaofanya upekuzi nyumbani mara nyingi humtaka awepo kama shahidi, na barua yake huhitajika dhamana inapoombwa.

Kituo kikuu cha kumbukumbu katika mnyororo huu wote ni mahakama. Hakimu akikataa dhamana, au mdhamini asipopatikana, huandikwa hati ya rumande, na ni kwa hati hiyo tu mtu hupokewa Chuo cha Mafunzo. Hati hutaja jina, kosa, namba ya kesi na siku ya kurudishwa mbele ya hakimu. Aliyekoswa na familia yake kaunta ataonekana mahakamani Mwanakwerekwe au Vuga siku hiyo, kwa sababu kesi husomwa hadharani na karani anayo orodha ya kesi za siku. Mwenye namba ya kesi hahitaji kubembeleza mtu. Hii ndiyo sehemu ya mfumo inayofanya kazi vizuri zaidi, na inastahili sifa.

Jina lenyewe ni mtego wa pili. Wazanzibari huandikwa kwa majina matatu: la mtu, la baba na la babu. Askari mmoja huandika Khamis, mwingine Hamis. Mohamed huwa Mohammed, Muhammad au Moh'd. Suleiman huwa Seleman. Mtu anayejulikana mtaani kwa jina la utani huenda akaandikwa hivyo hivyo kwenye taarifa ya kwanza, kisha hati ya mashtaka ikaja na jina la kwenye Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Anayetafuta kwenye hifadhi za hukumu za mtandaoni, TanzLII kwa Mahakama ya Rufani na ZanzibarLII kwa mahakama za visiwani, hana budi kujaribu kila tahajia, kisha jina la baba peke yake, kisha majina ya wale walioshtakiwa pamoja naye. Kwa kesi ya Juma Duni, ya 1997 hadi 2000, ufunguo ni Machano. Aliyeijua habari hiyo ataisoma hukumu, na atakuta hoja iliyotikisa siasa za visiwani: kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa dola yenye mamlaka kamili ni Jamhuri ya Muungano. Washtakiwa wote waliachiwa Novemba 2000.

Hata hivyo hukumu haisemi kila kitu. Haielezi kila mmoja alilala kituo gani usiku wa kwanza. Hayo yamebaki kwenye madaftari ya polisi, ambayo raia hana njia rahisi ya kuyafikia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatumika Tanzania Bara tu.

Mtego wa tatu ni bahari. Abdulrahman Babu, waziri katika serikali ya kwanza baada ya Mapinduzi, alikamatwa kufuatia kuuawa kwa Rais Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972. Kesi ya uhaini iliendeshwa Unguja mwaka 1973 na 1974, naye akahukumiwa kifo. Lakini muda wote huo mwenyewe alikuwa kifungoni Bara, kwa kuwa Mwalimu Nyerere hakukubali kumpeleka Zanzibar, na aliachiwa mwaka 1978. Kumbukumbu zake za mahakama ziko upande mmoja wa bahari, za kifungo upande wa pili. Miaka 40 baadaye masheikh wa jumuiya ya Uamsho walipita njia inayofanana na hiyo. Sheikh Farid Hadi Ahmed na wenzake walikamatwa Unguja Oktoba 2012 na kufikishwa mahakamani hapohapo. Mwaka 2014 baadhi yao walipandishwa kizimbani Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka ya ugaidi, na wakakaa mahabusu Bara hadi Mkurugenzi wa Mashtaka wa Muungano alipoyafuta Juni 2021. Anayefuata jambo la aina hii kwa vitabu vya Unguja peke yake atafika bandarini, na uzi utakatikia hapo.

Kwa waliokamatwa enzi za Waingereza, mlango uko Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, jirani na gereza la Kilimani. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1956. Majalada ya Sekretarieti ya kikoloni yako katika fungu la AB, ya Mahakama Kuu katika fungu la HC. Humo mtafiti anaweza kufuatilia Vita vya Ng'ombe vya Julai 1951, pale wanakijiji wa Kiembe Samaki walipokataa mifugo yao kuchanjwa kimeta na umati ukajaribu kuwakomboa waliokuwa wakipelekwa jela. Anaweza pia kufuatilia machafuko ya Juni 1961, yaliyoua watu 68 na kufuatiwa na kukamatwa kwa watu zaidi ya 1,000. Ripoti za tume za uchunguzi zilichapishwa na zinasomeka hadi leo. Miaka iliyofuata Mapinduzi ya Januari 1964 ni migumu zaidi. Watu wengi waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na pasipo kesi hakuna namba ya kesi, hakuna hati, hakuna hukumu. Kwa familia hizo kumbukumbu ni simulizi za wazee, na zinahitaji kurekodiwa sasa, wenyewe wangali hai.

Zinabaki picha. Mtindo wa kumpiga mshukiwa picha mbili, ya uso na ya ubavu, uliwekewa kanuni na Alphonse Bertillon wa polisi wa Paris katika miaka ya 1880, nao ukaenea duniani pamoja na alama za vidole. Picha ya polisi ni chombo cha utambuzi na inakaa kwenye jalada. Picha zinazosambaa Unguja na Bara ni nyingine: zile za mikutano ya waandishi wa habari, ambapo vijana husimamishwa mstari nyuma ya meza yenye vielelezo, kabla hata hakimu hajawaona. Katiba ya Muungano, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu makosa ya jinai katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya mstari ule hubaki kwenye simu za watu miaka mingi baada ya kesi kufutwa. Marekani yenyewe imeanza kurudi nyuma. California ilipiga marufuku tovuti kulipisha watu ili ziondoe picha zao, na mwaka 2021 ikawazuia polisi kuweka kwenye mitandao ya kijamii picha za wanaotuhumiwa kwa makosa yasiyo ya ukatili.

Kwa hiyo Unguja imepindua mambo: sura inatolewa mapema kwa umma usioihitaji, na namba inachelewa kumfikia ndugu anayeihitaji usiku huo. Polisi wa Ziwani, Mahakama na Chuo cha Mafunzo hawahitaji mtambo wa gharama kulirekebisha hili. Wanachohitaji ni orodha moja ya kila siku, inayosomeka kwa ndugu na mawakili katika kila kituo na kila mahakama: majina matatu ya kila mtu hata kama ni mshtakiwa wa 18, aliyemkamata, saa ya kuingia, kituo alipo, namba ya kesi na siku ya kurudi mahakamani. Picha isiwemo. Na kwa aliye kaunta usiku huu akizungushwa, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili tangu mwaka 1992; aende na namba ya RB mkononi.