Ukuaji wa Mhusika Kamala Khan katika Mfululizo wa Katuni wa Ms. Marvel

Katika hadithi nyingi za katuni za mashujaa wa Marekani, mhusika mkuu hupata nguvu mapema, kisha hubaki yule yule miaka nenda miaka rudi. Mfululizo wa Ms. Marvel, ulioandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona kuanzia mwaka 2014, unakiuka desturi hiyo. Kamala Khan, Mwislamu wa miaka 16 mwenye asili ya Pakistani anayeishi Jersey City, anapopata uwezo wa kujibadili umbo anajigeuza kwanza kuwa Carol Danvers, shujaa wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu. Methali isemayo nguo ya kuazima haistiri matako inasadifu hali yake: vazi linambana, nywele zinamsumbua. Anapigwa risasi akiwa katika sura hiyo, na jeraha linapona anaporudia mwili wake. Baadaye anajitengenezea vazi kutokana na burkini yake, naye Sheikh Abdullah, badala ya kumkataza, anamshauri atafute mwalimu.

Kwa hiyo, kipimo cha ukuaji wake ni kuikubali sura yake mwenyewe. Udhaifu wa msuko ni kwamba uponyaji wa jeraha unaurahisisha uamuzi huo: mwili unamtuza kabla nafsi haijapambana vya kutosha. Hata hivyo, vazi analitengeneza kwa hiari, bila muujiza wowote, na hapo ndipo anapodhihirika kuwa mhusika duara.