Gharama ya Mlima: Omani Ilivyolipia Maji Kutoka Pwani Hadi Nizwa

Mji wa Nizwa uko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, ndani ya milima ya Hajar, na bahari iliyo karibu nao ni ile ya Maskati na Barka. Maji yanayotolewa chumvi pwani hufika huko baada ya kusukumwa na pampu kupanda bonde la Sumail. Hesabu yake inaeleweka kirahisi. Kupandisha lita 1,000 za maji mita 500 kunakula takriban uniti 1.4 za umeme hata kama pampu isingepoteza chochote. Ukiongeza upotevu wa pampu na msuguano ndani ya bomba, unakaribia uniti 2. Kuondoa chumvi kwenyewe, kwa mitambo ya kisasa ya utando, kunahitaji uniti 3 hadi 4. Kwa hiyo safari ya mlimani inaongeza nusu hivi au zaidi ya umeme uliotumika kuyatengeneza maji hayo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi nyumba ya Nizwa ilitozwa bei ileile ya nyumba ya Matrah, kule pwani ya Maskati: baisa 2 (sarafu ndogo ya Omani) kwa galoni kwa galoni 5,000 za mwanzo wa mwezi, na baisa 2.5 kwa zinazozidi. Mlima haukuonekana katika bili. Huo ulikuwa uamuzi wa makusudi, na mengine yote katika mpango wa maji wa Omani yanaeleweka ukiufahamu kwanza. Bomba linalounganisha jamii mbili jirani hudumu pale inapokuwa imeamuliwa mapema, kwa maandishi, ni nani anabeba hasara ipi. Omani iliamua hivyo kwa kutenganisha kazi tatu: kutengeneza maji, kuyasafirisha, na kufidia bei.

Anayetengeneza

Mwanzoni serikali ilifanya yote. Kituo cha Ghubrah, ndani ya Maskati, kilianza kazi mwaka 1976 kikizalisha umeme na maji pamoja, na kwa muda mrefu mji mkuu ulikitegemea. Mabadiliko yalianza Barka, ambako kituo cha mwekezaji binafsi kiliingia kazini mwaka 2003 kikiwa na uwezo wa mita za ujazo 91,000 kwa siku. Amri ya Kisultani namba 78 ya mwaka 2004 ikauweka mfumo huo katika sheria. Kampuni ya serikali inayojulikana kwa kifupi PWP ikawa mnunuzi pekee wa maji kutoka vituo vikubwa.

Mnunuzi huyo hutoa kila mwaka makadirio ya miaka saba mbele: kila eneo litahitaji maji kiasi gani, vituo vilivyopo vitatoa kiasi gani, na pengo liko wapi. Pengo likionekana, zabuni hutangazwa. Mshindi huunda kampuni maalumu ya mradi huo, hukopa benki, hujenga, kisha huuza maji kwa mkataba wa miaka 20. Malipo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa uwezo wa kituo: kikiwa tayari kufanya kazi, kinalipwa hata maji yake yasipochukuliwa. Ya pili ni kwa maji yaliyotolewa. Ile ya kwanza ndiyo inayomtuliza mkopeshaji, kwa sababu marejesho ya mkopo hayasubiri jua kali wala ongezeko la watu.

Kwa njia hiyo vilijengwa Ghubrah mpya (mita za ujazo 191,000 kwa siku), Qurayyat (200,000), Barka ya nne (281,000) na Sohar (250,000), vyote kati ya 2016 na 2018. Faida ya kutenga kampuni ya mradi ilionekana Qurayyat. Hyflux ya Singapore, iliyokuwa nyuma ya kituo hicho, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaingizwa katika ufilisi. Kituo chenyewe kiliendelea kuhesabiwa katika mipango ya maji ya Maskati.

Anayesafirisha

Mabomba makuu, matangi na vituo vya kusukumia maji havikukabidhiwa wawekezaji. Vilibaki chini ya mamlaka ya umma iliyoundwa mwaka 2007, ambayo baadaye iliitwa Diam, na leo kazi hiyo iko mikononi mwa Nama Water Services. Sababu ni za kiuchumi. Kituo cha pwani kinaweza kushindanishwa na kingine, lakini hakuna atakayetandaza bomba la pili mlimani ili kushindana na la kwanza. Isitoshe, mwekezaji akiambiwa abebe hatari ya kwamba mji wa bara huenda usikue, ataifidia katika bei, na watakaoilipa ni wale walio mbali na wachache.

Kwa hiyo mita ya mkataba iko kwenye lango la kituo. Maji anayolipwa mwekezaji hupimwa hapo, na kuanzia hapo mlima ni mzigo wa umma. Pengo kati ya gharama ya huduma na kile anachotozwa mteja limejazwa na hazina.

Kuunganisha ni bima

Juni 2007 kimbunga Gonu kiliipiga Maskati, na vituo vya Ghubrah na Barka vikasimama. Sehemu kubwa ya mji ilikaa siku kadhaa bila maji ya bomba, ikisubiri maboza. Mwaka uliofuata ulizuka mwani mwekundu baharini, ukaendelea hadi 2009, na vituo vya Omani na vya nchi jirani vikalazimika kupunguza au kusimamisha kazi.

Tangu hapo thamani ya bomba la mkoa kwa mkoa ilibadilika. Mabomba yanayounganisha Maskati, Batinah (mkoa wa Barka) na Dakhiliyah (mkoa wa Nizwa) yanaruhusu kituo kimoja kizibe pengo la kingine. Kituo cha Sur, kilichoanza 2009, huvuta maji kupitia visima vya ufukweni, na ardhi huyachuja kabla hayajafika kwenye mitambo, kwa hiyo mwani hauwezi kukidhuru kwa urahisi. Visima vya zamani vya maji baridi navyo havikufukiwa. Viliwekwa kuwa akiba. Mtandao wenye vyanzo vinavyotofautiana katika udhaifu wao una nguvu kuliko mtandao wenye kituo kimoja kikubwa.

Gharama iliyojificha

Mpango huu una bei yake. Malipo ya uwezo hayakwepeki: vituo vikijengwa kuzidi mahitaji, serikali hulipia mitambo iliyopumzika. Ruzuku nayo hutegemea mapato ya mafuta, na yaliposhuka mzigo ulionekana. Kuanzia 2021 serikali ilianza kuipunguza hatua kwa hatua, huku ikiweka msaada maalumu kwa Waomani wa kipato cha chini. Huo ndio mwelekeo wa haki, mradi bei iendelee kuwa moja pwani na bara. Mtu wa Nizwa hakuchagua urefu wa mlima wake.

Wenyeji wa Nizwa walikuwa na somo hili karne nyingi kabla ya pampu. Katika aflaj, ile mifereji ya kale ya Omani, wenye mgawo wa maji hugawana kwa muda, na sehemu ya maji hukodishwa ili fedha zake zitengeneze mfereji. Matengenezo yalikuwa na mfuko wake, hayakusubiri huruma ya mtu.

Afrika Mashariki ijiulize nini

Mabomba ya namna hiyo yako kwetu pia. Tanzania ilijenga kwa fedha zake bomba la kutoa maji ya Ziwa Victoria, kutoka Ihelele, hadi Shinyanga na Kahama, likazinduliwa mwaka 2009; vijiji vilivyo njiani viliingizwa katika mpango. KASHWASA, mamlaka inayoendesha bomba hilo, huuza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji. Baadaye, kwa mkopo wa India, bomba lilifikishwa Nzega, Igunga na Tabora. Nchini Kenya, bomba la chemchemi ya Mzima limepeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, na kwa miaka mingi viongozi wa Taita Taveta wamelalamika kwamba chemchemi hiyo ni yao na faida ni ya wengine.

Anayetaka kusaini mkataba wa bomba la ujirani ajibu maswali matatu kabla ya kununua hata kipande kimoja cha chuma. Nani analipa umeme wa pampu mji wa mwisho ukichelewa kulipa? Waliopo njiani na penye chanzo wanapata nini, na kimeandikwa wapi? Fedha za matengenezo zinakaa katika mfuko gani usioguswa? Omani ilijibu la kwanza kwa hazina yake, na hazina hiyo ina mafuta. Kwetu jibu litabidi litoke kwenye bei ya jumla iliyokubaliwa na miji yote, pamoja na akiba inayowekwa kabla maji hayajafunguliwa. Mkataba wa bomba lisilo na majibu hayo usisainiwe, hata kama mkopo uko tayari.