Kabichi ya Jade: Jinsi Kasoro za Jiwe Zilivyogeuzwa Majani

Katika Jumba la Makumbusho la Kasri la Taifa mjini Taipei imewekwa kabichi ya Kichina yenye urefu wa sentimita 18.7. Bua ni jeupe, majani ni ya kijani kibichi, na kwenye majani hayo wametua senene na nzige. Vyote, pamoja na wadudu, vimetoka katika jiwe moja la jadeiti, aina ya jade, wala hakuna rangi iliyopakwa.

Jiwe lenyewe halikuwa la daraja la juu. Lilikuwa nusu jeupe, nusu kijani, lenye nyufa na mabaka. Lingetengenezwa chombo cha kawaida, kasoro zote zingeonekana. Fundi, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliliacha jiwe limwongoze. Weupe akaufanya bua, ukijani akaufanya majani, na nyufa akazipotezea kwenye mishipa na mikunjo ya majani. Huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote katika kazi ya jade.

Tunasema jade huchongwa, lakini patasi haifui dafu hapa. Ugumu wa jadeiti ni 6.5 hadi 7 katika kipimo cha Mohs, na chembe zake zimeshikana kiasi kwamba jiwe halipasuki kwa urahisi. Hivyo jade husagwa. Kitabu cha mwandishi wa Kichina Song Yingxing cha mwaka 1637 kinaonyesha mtambo wenyewe: gurudumu la chuma linalozungushwa kwa miguu, kama cherehani ya kukanyaga, huku mchanga na maji vikitiwa palipo na mkato. Kinachokula jiwe ni mchanga. Chuma kinausukuma tu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na vumbi la almasi na mota ya umeme, lakini kanuni ni ileile. Miguu ya yule senene ilipatikana kwa kuondoa jiwe lililoizunguka, punje kwa punje, na kosa moja lisingerekebishika.

Maana nayo ilifuata umbo. Weupe ulisomwa kuwa usafi wa moyo, na wadudu wanaozaa kwa wingi kuwa dua ya watoto wengi. Kabichi hii ilikuwa katika kasri la Bi Jin, mke mdogo wa mfalme Guangxu wa China, na inaaminika ilikuja naye kama mali ya harusi. Wafuasi wa Confucius walikuwa wameipa jade sifa za kiutu tangu kale: mng'ao wake mpole ni wema, na kingo zake zisizojeruhi ni haki.

Kwenye vito hesabu ya kasoro ni hiyohiyo. Bangili hukatwa kutoka kwenye bamba lisilo na ufa, kwa kuwa ufa mmoja unaweza kuivunja. Kipande cha katikati kinachobaki hufanywa vidani au kisahani chenye tundu, kinachovaliwa kuomba usalama. Visahani vya namna hiyo, vikubwa zaidi, vimefukuliwa katika makaburi ya Liangzhu karibu na Hangzhou, ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Kwa hiyo ukishika kidani cha jade, kiangalie pale nakshi ilipozama zaidi, kwani mara nyingi ndipo ufa ulipofichwa. Na usishangae kuuziwa kipande kitupu kisicho na nakshi kwa bei kubwa kuliko kilichorembwa, kwa kuwa hakina ufa wa kuficha.